Jagi la kuchuja maji hapa Nairobi: gani uchukue, gani uache, na kwa nini kwanza uulize maji yako yanatoka wapi

Jumamosi iliyopita ndugu yangu mdogo alinipigia akiwa ndani ya supamaketi, nasikia mpaka troli zikigongana huko nyuma, akaniambia, "Dada, niko mbele ya jagi mbili za kuchuja maji, moja bei yake ni karibu mara mbili ya ile ingine, nichukue gani?" Nikamuuliza, "Maji yenu ni ya wapi?" Akasema ya mfereji. "Najua ni ya mfereji, lakini huo mfereji unatoa wapi?" Akanyamaza kidogo. "Si ni mfereji tu, dada." Nikamwambia arudishe zote kwa rafu kwanza, ampigie keateka wa ploti, halafu anipigie tena. Dakika kumi baadaye akarudi na habari: ploti yao huko Syokimau inatumia kisima cha landlodi, na kisima kikizidiwa wanaletewa na boza, na hiyo boza hakuna anayejua imechotea wapi.

Basi hapo jibu likabadilika kabisa. Watu wengi wananiuliza hili swali, pengine kwa sababu nimepitia karibu kila aina nyumbani kwangu, na kila mmoja anauliza kuhusu jagi wakati anafaa kuuliza kuhusu maji. Hizi jagi hazifanyi kazi moja. Ziko tatu au nne zinafanana kwa nje, plastiki, mdomo, kifuniko, lakini ndani kila moja imetengenezewa shida yake, na ukichukua ya shida ya mwingine umelipia kitu ambacho hakitakusaidia na mbaya zaidi utakuwa unakunywa ukidhani uko salama.

Sasa tuanze na maji yenyewe. Maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, mengi yanatoka Ndakaini kule Murang'a, lile bwawa la mita za ujazo milioni 70, mengine Sasumua, mengine bwawa la Ruiru na kidogo chemchemi za Kikuyu. Ni maji ya mvua ya Aberdare, maji laini, chumvi kidogo, ukichungulia birika la mtu anayetumia ya kanjo peke yake hutapata ule ukoko mweupe unaokwangua na kijiko. Yanasafishwa kule Ng'ethu na kwingineko, yanatiwa klorini, yanatoka yakiwa sawa. Shida ni safari. Kwa sababu ya mgao bomba linakaa siku kadhaa bila maji, na bomba tupu lenye ufa linanyonya chochote kilicho nje yake, hata maji ya mtaro. Halafu yakifika kwenu yanapandishwa kwa tenki juu ya paa, na hiyo tenki lini iliwahi kuoshwa? Yetu ilifunguliwa mwaka jana kwa sababu mfereji wa jikoni ulikuwa unatoa maji kidogo kidogo, fundi akaingiza mkono akatoa tope jeusi la vidole viwili kwenda chini na mbawa za mende zimeshikana kama majani ya chai. Kila mtu kwenye ile ploti alikuwa anapiga mswaki na hayo maji.

Kwa hivyo mwenye maji ya kanjo shida zake ni mbili: vijidudu vinavyoingia njiani au kwa tenki, na harufu ya klorini, ambayo ukweli ni kwamba ni dalili nzuri kwa sababu inamaanisha kinga bado iko.

Mwenye kisima ana mambo mengine. Kisima kirefu kilichojengwa vizuri kinaweza kuwa na vijidudu vichache, lakini kina madini: chumvi, ule ugumu wa sabuni kukataa kutoa povu, na floridi. Floridi ndio inaniumiza roho kwa sababu haina harufu, haina rangi, haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi na viunga vyake vinapita hapo. Mtoto akikunywa maji ya aina hiyo miaka ile meno ya ukubwani yanatengenezeka ndani ya fizi, yakiota yanaota na madoa, mengine ya kahawia kabisa, na hakuna mswaki wa kuyatoa. Mnawajua watoto wa Naivasha na Nakuru wanaofunika mdomo na mkono wakicheka. Wengi wanafikiri hilo ni jambo la Bonde la Ufa peke yake, na mtu anahamia estate mpya ya Kitengela au Syokimau na watoto wa miaka miwili, mitatu, hajauliza kitu.

Sasa jagi.

Aina ya kwanza ndio hii mnaijua zaidi, ya kaboni, na jina lake kubwa ni Brita, kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1966. Nilipata kukata katriji moja iliyoisha, ile kopo ya ndani inayochuja na inayobadilishwa, na kisu cha mboga juu ya gazeti nione kuna nini ndani. Kuna punje nyeusi kama kahawa iliyosagwa vibaya, hiyo ni kaboni, kwa kawaida ya vifuu vya nazi vilivyochomwa na kutobolewa matundu madogo sana ambayo klorini na vitu vya harufu vinakwama humo. Halafu kuna shanga ndogo ndogo za resini, hizo zinabadilishana na maji, zinachukua chokaa na baadhi ya metali kama risasi na shaba. Basi. Hakuna kitu kingine. Maji yanapita hapo kwa uzito wake yenyewe dakika chache, yanatoka yakiwa matamu, chai inakuwa safi haina ule utando juu, na kwa hiyo kazi ni jagi nzuri sana, nasema kwa moyo mmoja.

Lakini vijidudu haizuii. Bakteria anapita katikati ya hizo punje kama mtu anayepita Gikomba Jumapili asubuhi. Na watengenezaji wenyewe hawajaficha, wameandika kwenye karatasi ya maelekezo kwamba jagi ni ya maji ambayo tayari ni salama kwa vijidudu. Huko Ujerumani mfereji unakunywa moja kwa moja, jagi inatengeneza ladha. Sisi tunaichukua na kuipa kazi ya kuua kipindupindu.

Hapa lazima niseme yaliyotupata. Tuliponunua jagi ya kwanza, tuliacha kuchemsha. Hakuna aliyetangaza, ilitokea tu, gesi ilikuwa imepanda bei na jagi ilikuwa pale inang'aa kwa friji, watoto wanajisaidia wenyewe wanafurahi. Baada ya kama miezi miwili mtoto wangu mdogo, alikuwa na miaka minne, akaanza kuumwa tumbo, anaharisha, anapoa, anaharisha tena, mpaka nguo zikaanza kumlegea kiunoni. Zahanati wakapima wakasema ni amiba. Daktari mama mmoja mtulivu akaniuliza swali moja tu, "Maji mnachemsha?" nikajibu haraka, "Tuna filta." Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, filta gani?" Na nilikuwa sijui kujibu. Tangu siku hiyo nasoma kila boksi mpaka nyuma.

Aina ya pili ni jagi yenye utando, na ile inayojulikana ni LifeStraw Home. Jina LifeStraw si geni hapa Kenya, 2011 waligawa vichujio vya familia mamia ya maelfu huko magharibi mwa nchi, wengi wa Kakamega na Bungoma wanavikumbuka vikining'inia ukutani. Jagi yao ina sehemu mbili: utando wenye matundu ya mikroni 0.2, ambao bakteria na vimelea kama amiba na giardia ni wakubwa mno hawapiti, halafu chini yake kaboni na resini kama ya wenzao. Utando wanasema unamaliza lita 1,000, kaboni lita 150. Hii tofauti ya maisha ni muhimu kwa mfuko, nitarudi hapo. Kitu ambacho haizuii ni virusi, kwa sababu virusi ni vidogo kuliko hilo tundu, na floridi na chumvi pia zinapita kwa sababu hizo zimeyeyuka ndani ya maji, si vipande vya kuzuiwa na wavu.

Na inachuja polepole, mkubali hivyo. Ukirudi na kiu kutoka stejini hutangoja.

Ya tatu ni zile za resini nyingi, kama ZeroWater, zina tabaka tano na zinakuja na kimita kidogo cha kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Hizi ndizo jagi peke yake kati ya hizi tatu ambazo zinagusa chumvi kwa nguvu, na floridi nayo inapungua. Sasa mtu wa Syokimau atasema hiyo ndio yangu. Ngoja. Resini ni kama sponji, ina kiasi inachoweza kushika ikajaa. Maji laini ya Ndakaini yataipa maisha marefu, maji ya kisima yenye chumvi yataijaza kwa siku chache, na wenyewe wanasema kimita kikisoma 006 badilisha. Ikijaa kabisa maji yanaanza kuwa na uchachu na harufu ya ajabu. Kwa hivyo jagi inayofaa maji ya chumvi ndiyo hiyo hiyo inayokufa haraka kwa maji ya chumvi, na kabla ya kulipa piga hesabu ya katriji, si ya jagi. Halafu pia si ya kuua vijidudu.

Hesabu ya katriji. Hapa ndio wengi tunaumia kwa sababu bei ya jagi iko kwa rafu imeandikwa kubwa na bei ya katriji inakaa pembeni. Chukua familia ya watu wanne, maji ya kunywa na ya chai, tuseme lita 8 kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni lita 2,920. Katriji ya lita 150 zitaenda kama 19 au 20. Kwa hivyo kama dukani kwako katriji ni 1,200 umelipa shilingi 8 kwa kila lita, kila siku, na hapo jagi yenyewe hujaihesabu na maji yenyewe hujalipa. Mtaani kwetu duka la maji linajaza mtungi wa lita 20 kwa shilingi mia, hiyo ni 5 kwa lita. Sisemi usinunue jagi, nasema ujue. Mtu anayeishi peke yake bedsita anakunywa lita mbili kwa siku, katriji kwa kipimo cha lita inamfikisha zaidi ya miezi miwili, ingawa wengi wa watengenezaji wa Ulaya wanasema usipitishe wiki 4 hata kama lita hazijaisha kwa sababu mahali penye unyevu muda wote bakteria wanaota. Kwa huyo wa peke yake jagi inaeleweka. Familia ya watu saba wenye wageni kila wikendi, hapana, watakuwa wanalisha katriji kama kuku.

Na hiyo taa au mistari kwenye kifuniko inayokuambia badilisha, nyingi ni saa tu. Inahesabu siku. Haijui kama maji yako yalikuwa na tope wala kama mlikuwa wawili au kumi.

Kitu kingine kuhusu ukubwa: boksi limeandika lita 2.4 unafikiri utamimina lita 2.4. Chukua Marella ya Brita, hiyo 2.4 ni pamoja na ile sehemu ya juu ya kumwagia, maji yaliyochujwa ni 1.4. Hiyo ni glasi tano na nusu hivi. Watoto wakitoka shule wawili wanaimaliza wamesimama mlango wa friji uko wazi.

Na kama unaletewa na ndugu kutoka Marekani, mwambie kwanza akutumie picha ya katriji. Brita ya Marekani na ya Ulaya ni kampuni mbili tofauti kwa biashara, na katriji hazishei umbo, ile ya Marekani haiingii kwa jagi la Ulaya linalotumia katriji ya Maxtra. Ukipewa jagi ambalo katriji zake haziko maduka ya hapa umepewa jagi la juisi. Hivyo hivyo na ofa za mtandaoni za jagi jina hulijui, tafuta katriji kwanza, ukizipata maduka mawili au matatu ya kawaida ndio ununue jagi.

Alama za kutafuta kwa boksi: NSF ni shirika la Marekani la viwango, na NSF 42 inamaanisha imepimwa kwa klorini, ladha na harufu. NSF 53 ni ya mambo ya afya, kama risasi, na hata hiyo lazima usome imepimwa kwa kitu gani hasa, kwa sababu mtu anaweza kupata 53 ya kitu kimoja akaiandika kubwa kama vile amemaliza vyote. Boksi likisema "huondoa asilimia 99" na halisemi ya nini, acha. Na kwa bidhaa za kutoka nje tafuta stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zilizoingizwa, ile ya ISM.

Halafu vifaa vya kupima maji. Kuna vijana wanapita kwa maestate na begi, wanakuja Jumamosi mama yuko nyumbani, wanaomba glasi mbili, moja ya mfereji wako na moja ya mashine yao, wanaingiza kifaa chenye vyuma viwili kila upande, wanachomeka kwa stima, na ndani ya dakika maji yako yanageuka kijani halafu kahawia halafu yanatoa kitu kama uji wa kutu, na ya mashine yao yamebaki safi. Mimi niliuona na macho yangu sebuleni kwa jirani, na jirani alishika kifua. Ile rangi haikutoka kwa maji. Ni chuma cha kile kifaa kinachoyeyuka, kwa sababu maji yenye madini yanapitisha umeme na maji yasiyo na madini hayapitishi. Hata chupa nzuri ya maji ya chemchemi ukiichomeka hivyo itageuka kahawia. Na kimita cha TDS hakijui bakteria kabisa, maji ya mtaro wenye kipindupindu yanaweza kusoma chini kuliko maji mazuri ya kisima. Jirani alishaweka sahihi ya kulipa kwa miezi kumi na miwili.

Sasa tuweke jagi pembeni ya wenzake, kwa sababu mara nyingi ushindani si jagi kwa jagi.

Kuchemsha. Hakuna jagi inayoshinda sufuria kwa vijidudu, bakteria, vimelea, virusi, vyote. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya bahari kwa hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na wengine wananiuliza kama hiyo inatosha. Inatosha, acha tu yatokote kwa mapovu makubwa, dakika moja yameisha, hakuna haja ya kuyaacha nusu saa unachoma gesi. Lakini kuchemsha hakutoi chumvi wala floridi, na kinyume chake, mvuke unapotoka floridi inabaki kwenye maji machache zaidi. Mwenye kisima anayechemsha muda mrefu akidhani anamkinga mtoto anaongeza hiyo kitu kidogo kidogo.

WaterGuard, ile chupa ya dawa ya klorini, kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji safi kwa macho, koroga, ngoja dakika 30. Bei yake ni ndogo kuliko kila kitu hapa. Watoto wangu walikuwa wanakataa kwa sababu ya harufu ya dawa, mpaka nikafikiria: si ndio kazi ya kaboni? Natia WaterGuard kwa mtungi usiku, zile dakika 30 zinapita na zaidi, asubuhi namimina kwa jagi. Klorini imeshaua ilichoua, kaboni inatoa harufu, maji yanatoka hayana dawa mdomoni. Huu mpangilio kwangu ndio umeshinda kila kitu kwa maji ya kanjo, na gesi nimeokoa. Mpangilio lakini ni lazima uwe huo, dawa kwanza jagi baadaye, ukigeuza umeharibu. Na ukishatoa klorini hayo maji hayana mlinzi tena, weka kwa friji na uyamalize siku hiyo hiyo au kesho yake, stima ikipotea usiku mzima mwagilia sukuma.

Ukichemsha badala ya dawa, acha yapoe kabisa kabla ya kumwaga kwa jagi, maji moto yanaharibu katriji.

Mshumaa wa kauri, ile filta ya sufuria mbili za chuma zilizopandana zenye mfereji mdogo chini, mama zetu walikuwa nazo na zilikuwa zinakaa kwenye kabati la sebuleni na kitambaa cha kushonwa juu. Mshumaa mzuri wa kauri unashika bakteria na vimelea kama ule utando wa LifeStraw, hauna siri ya katriji, ukiziba unautoa unausugua na brashi laini chini ya maji unarudisha. Unakaa miezi mingi, wengine mwaka. Ubaya ni kwamba ukipata ufa, hata ule mwembamba kama unywele, maji yanapita pale na hutajua kwa kuangalia kwa mbali, kwa hivyo kila unapousugua uukague kwenye mwanga, na unachuja taratibu, na friji haiingii. Kwa familia kubwa ya maji ya kanjo au ya boza mimi ningeuchagua mbele ya jagi yoyote, hata sitafikiria mara mbili.

RO (reverse osmosis), ile mashine ya kufungwa chini ya sinki inayosukuma maji kwa presha kwenye utando wa matundu madogo sana. Ndiyo inayotoa floridi na chumvi kweli kweli, na mwenye kisima kibaya na watoto wadogo mwisho wa safari ni hapo au kununua maji. Lakini inahitaji presha, nyingine pampu na stima, na inamwaga maji: zile za kawaida kwa kila lita unayokunywa lita tatu au nne zinaenda kwenye bomba la taka. Kwa mji wa mgao hilo linauma. Kama utaweka, toa lile bomba la taka uliingize kwa pipa, yanafaa choo na kupiga deki. Na wapangaji waulize landlodi kabla ya fundi kutoboa kaunta.

Mtungi wa kununua sina mengi, mradi duka lina kibali cha KEBS na mtungi wako unaosha ndani.

Kwa mwenye mtoto mchanga wa maziwa ya kopo: jagi yoyote isikudanganye. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kukorogea yawe hayajashuka chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe wa maziwa unaweza kuwa na bakteria, kwa hivyo ni maji yaliyochemka, yakiwa bado moto, halafu unapoza chupa.

Basi kama ningekuwa nasimama na wewe mbele ya ile rafu. Maji ya kanjo, uko peke yako au wawili, tayari unachemsha au unatia dawa, shida yako ni ladha: chukua ya kaboni ya kawaida, hata ile ya bei ya chini yenye NSF 42 na katriji za kupatikana, usilipie zaidi. Maji ya kanjo na unajijua kuchemsha hutachemsha, unarudi saa tatu usiku umechoka: chukua ya utando, lipa hiyo tofauti ya bei, kwa sababu hata kaboni ikipita lita zake 150 na mwezi uko kona, utando bado unafanya kazi yake na utakunywa maji yenye harufu kidogo lakini si amiba. Isipokuwa wakati wa mlipuko, kama ule wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, hapo hata mwenye utando achemshe au atie dawa mpaka upite. Maji ya kisima: usinunue jagi lolote kabla ya kupima floridi. Na maji ya boza, ambayo leo ni ya mto na kesho ni ya kisima cha mtu, unayachukulia kuwa mabaya kwa pande zote mbili, vijidudu na madini.

Jagi ukishanunua, mwaga maji ya mwanzo kama karatasi inavyosema, zile punje nyeusi zinazoelea si uchafu ni kaboni, zitaisha. Osha jagi yenyewe kila wiki na sabuni na sponji, hasa ile kona chini ya faneli ambapo kidole kikipita kinateleza. Kile kitelezi ni bakteria wameshajenga nyumba.

Ndugu yangu nilimwambia hayo yote kwa simu akiwa bado amesimama pale, akasema, "Sasa dada, mimi nilikuja kununua jagi." Nikamuuliza mtoto wake Ella ana miaka mingapi. Akasema atafikisha mitatu Desemba. Hatukuongea sana baada ya hapo. Alitoka dukani na mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya kunywa ya mtoto, na Jumatatu asubuhi tunakutana mjini na chupa ya lita moja ya maji ya mfereji wake, ameisuuza mara tatu na maji hayo hayo kabla ya kujaza kama maabara ilivyomwambia, imeandikwa tarehe na saa kwa mkanda wa karatasi. Ameniambia pia majirani wawili wa sakafu yake wamesikia wanataka tuchange, tupime mara moja, matokeo abandike pale getini.